Kipimo ni mdogo wa boma

Kisumu, Desemba 8

Magari ya Siaya, Busia na Kakamega yameanza kujaa mizigo, na wazazi wamerudia swali la kila mwaka: mtoto wa miaka minne nimnunulie nini? Naona swali hilo limekosa nusu yake. Huyo wa miaka minne hataifungua zawadi ya Krismasi akiwa peke yake. Ataifungulia kwa nyanya, binamu wamemzunguka, na mmoja wao ana miezi tisa, anatambaa, na kila kinachoanguka anakitia kinywani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza umri wa unayempelekea, uliza umri wa mdogo kabisa atakayekuwa bomani siku hiyo. Huyo ndiye kipimo.

Kupima hakuhitaji chombo cha duka. Tishu ya choo ikiisha hubaki ile karatasi ngumu ya katikati, yenye upana wa kama sentimita 4. Chochote kinachopita humo kinaweza kuziba koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Watengenezaji hutumia silinda nyembamba zaidi, ya milimita 31.7, lakini mimi naiamini karatasi ya tishu kwa sababu inakataa vitu vingi zaidi. Kizibo cha soda kina upana wa karibu milimita 32, na Krismasi vizibo vya soda hutapakaa ua mzima, basi weka mkebe wa kuvikusanyia tangu asubuhi. Mbegu za ajua, mchezo wetu wa bao, nazo zinapita bila shida. Wakubwa wacheze ajua yao juu ya meza, na mbegu zihesabiwe zikirudishwa.

Ukishapima ukubwa, vuta. Shika jicho la mwanasesere au gurudumu la gari, vuta kwa nguvu na uhesabu mpaka kumi. Kikilegea, kiache dukani. Baluni usipeleke kabisa. Kipande cha baluni iliyopasuka hujikunja kikafuata umbo la koo, na hata kumpiga mtoto mgongoni hakukitoi kwa urahisi.

Kuna kitu kimoja ambacho sitakilegezea: betri ndogo za duara, bapa kama kitufe. Zimo kwenye kadi zinazoimba, vitabu vinavyolia sauti za wanyama, saa za watoto na taa ndogo za mapambo. Mbaya zaidi ni ile ya litiamu yenye upana wa milimita 20, kwa maana hunasa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Hata kama haijapasuka, umeme wake hukutana na unyevu wa mwili ukatengeneza kemikali kali inayochoma nyama, na jeraha baya laweza kutokea ndani ya saa 2. Mtoto hutokwa na udenda, hukataa kula, pengine hukohoa tu, na watu wakadhani ni mafua. Anapaswa kupelekwa mara moja hospitali yenye eksrei, na asilazimishwe kutapika. Sasa piga hesabu ya safari kutoka kwa nyanya hadi kwenye eksrei, usiku wa Krismasi, barabara ikiwa tope. Hesabu hiyo inatosha kuiacha zawadi hiyo mjini. Ikiwa ni lazima mchezo uwe wa betri, uwe wa betri za kawaida za tochi, na kifuniko kifungwe kwa skrubu.

Zawadi ninayoipigia debe kila Desemba ni matofali ya mbao. Wa miezi tisa huyagonganisha, wa miaka miwili huyapanga foleni, wa minne hujenga zizi, wa saba hujenga daraja. Kila mmoja ana lake, na ugomvi hupungua.

Maseremala wa soko la Kibuye hapa Kisumu wanaweza kukukatia kwa muda mfupi ukienda na maagizo kamili. Nunua mbao moja ya saipresi, inchi mbili kwa mbili, urefu wa futi 10. Ikipigwa randa pande zote hubaki na upana wa kama sentimita 4.5. Upime upana huo baada ya randa, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu: tofali dogo liwe na urefu sawa na upana, la kati mara mbili, refu mara nne. Kwa sentimita 4.5 utapata madogo 12, ya kati 14 na marefu matano, jumla 31. Hayo yanachukua sentimita 270, msumeno unakula kama 10, na masalio yanakuruhusu kuruka mafundo ya mbao.

Yanaharibika wapi? Kwanza kwenye kukata. Fundi akipima kila kipande upya kwa futi, milimita moja hapa na moja pale, mnara unainama ukifika tofali la nne na mtoto anadhani kosa ni lake. Mwombe apigilie kizuizi kwenye meza, vipande vya aina moja vyote vikatwe vikiwa vimegusa hapo. Pili, mbao mbichi: ikikauka husinyaa, hupinda na kupasuka. Iguse kwa shavu. Ikiwa ya baridi na nzito, bado ina maji. Tatu, masalio ya bure. Vipande vya nguzo vyenye rangi ya kijani hafifu vimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa nyingine ina sumu ya aseniki. Mbao za paleti zenye muhuri wa MB zilifukizwa kwa dawa ya wadudu. Zote mbili usizikubali hata ukipewa bure.

Msasa ni kazi ya nyumbani. Anza na namba 80, kisha 120, mwisho 220, na kingo zote uziviringe kwa kama milimita 2. Halafu pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha yakauke, upitishe 220 tena. Maji huinua nyuzi za mbao, na usipozikata sasa zitainuka kwa mate ya mtoto. Rangi usipake. Kopo la zamani la stoo laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na mbao tupu inapendeza mkononi. Mzigo wote ni kilo mbili na nusu hivi. Utie katika kikapu cha magugumaji kinachosukwa hapa Kisumu, kisicho na kifuniko cha kubana vidole.

Unga wa kuchezea nao ni mzuri, ila kwa wa miaka mitatu kwenda juu, tena mdogo wa boma akiwa amelala. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, 2 vya maji, vijiko vikubwa 2 vya mafuta na 2 vya maji ya ndimu. Pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uachane na sufuria na kuwa donge, kisha ukande ungali vuguvugu. Bizari ya manjano au maji ya bitiruti hutosha kwa rangi. Chumvi hiyo ni nyingi: mtoto akila donge zima ataugua, na mbwa vilevile. Chumvi pia huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana hapa kando ya ziwa unga huanza kunata upesi. Nyunyizia unga mkavu, na ukiota ukungu utupe.

Viatu vya Krismasi: jioni, mtoto akiwa amesimama, pima mguu mrefu zaidi, ongeza sentimita moja, ukate kijiti cha urefu huo uende nacho sokoni. Kisipolala ndani ya kiatu bila kupinda, hicho si chake.

Na kwa mdogo mwenyewe, tengeneza kitabu cha nyuso. Kuanzia kama miezi minane wengi huogopa wageni, na nyanya anayemwona mara moja kwa mwaka ni mgeni. Chapisha picha 10 za sentimita 10 kwa 15, uso mmoja kila picha, zigundishe mgongo kwa mgongo upate kurasa tano, uzitie laminesheni, yaani uzifunike kwa plastiki ngumu. Acha ukingo wa plastiki wa milimita 5 kuzunguka, na sentimita 1.5 upande wa kufungia. Ukikata hadi kwenye picha au ukiitoboa, mate yataingia na kurasa zitaachana. Pembe zikate ziwe mviringo, maana plastiki hukwaruza. Funga kwa utepe mfupi wa kitambaa, si waya.

Kitabu hiki hakingoji tarehe 25. Mpe wiki mbili kabla, mkifungue kila jioni, na kila uso utaje kwa jina atakalolisikia kule: Dana na Kwara, yaani nyanya na babu kwa Kijaluo, au Kukhu na Kuka kwa Kiluhya. Picha moja iwe ya mbwa wa boma, kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kulikimbilia gari.