Kabla hujanunua tiketi za msimu wa Berliner Philharmoniker

Msimu wa okestra hii huanza mwishoni mwa Agosti na kufungwa Juni, na orodha ya matamasha hutoka miezi kadhaa kabla. Wengi wakiipata hukimbilia majina: Kirill Petrenko, kondakta mkuu (yaani kiongozi wa okestra) tangu 2019, au mpiga piano anayevuma mwaka huo. Jina lisikupumbaze. Anza na kazi zenyewe, yaani tungo zitakazopigwa: zinahitaji wapigaji wangapi, zinachukua muda gani. Kiti kifuate baadaye.

Jioni ya kawaida ina utangulizi wa dakika kama 10, konseto (kazi ya mpiga solo na okestra) ya dakika 25 hadi 40, mapumziko, kisha simfoni, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa. Ukiona kazi moja tu imeandikwa, shtuka. Simfoni ya 8 ya Bruckner huchukua dakika 80 hivi, ya 3 ya Mahler hupita 90, na mara nyingi hakuna mapumziko. Anayechelewa anaweza kubaki nje hadi mwisho, tiketi yake mkononi.

Kazi kubwa pia ina gharama zake. Le Sacre du printemps ya Stravinsky huchukua kama dakika 35 tu, lakini inataka wapigaji 5 kwa kila jamii ya filimbi, oboe, klarineti na basuni, pamoja na honi 8. Mpangaji wa programu aliyekwisha kuita watu wote hao huwatafutia kazi nyingine ya kishindo jioni hiyohiyo. Ukipenda Haydn na Mozart, utawapata jioni zenye okestra ndogo.

Sasa viti, na hapa ndipo pesa hupotea. Philharmonie, ukumbi wa okestra hii uliochorwa na Hans Scharoun na kufunguliwa 1963, umeweka jukwaa karibu na katikati, watazamaji wakiizunguka okestra pande zote. Viti vya nyuma ya wapigaji, vinavyoitwa Podium, ni vya bei nafuu na unamtazama kondakta usoni. Kila ishara yake unaiona kama wanavyoiona wapigaji. Kwa simfoni tupu ni viti vitamu, mradi uvumilie kelele za matimpani (ngoma kubwa za okestra) na honi, maana mdomo wa honi huelekea nyuma, yaani kwako. Kwa konseto ya piano, viache. Kifuniko cha piano hufunguka kuelekea mbele na kuisukuma sauti huko; nyuma unapata mabaki. Mwimbaji naye atakupa kisogo, na katika Das Lied von der Erde ya Mahler, kazi ya waimbaji wawili na okestra, ambamo mwimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) huhangaika kusikika hata kwa waliokaa mbele, utaambulia okestra peke yake. Kazi zenye kwaya kubwa hazikupi hata nafasi ya kukosea: viti hivyo hukaliwa na wanakwaya.

Anayetaka kuona vidole vya mpiga piano akae mbele upande wa kushoto.

Kuna mtego wa makofi. Sehemu ya tatu ya Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky huisha kwa shangwe kiasi kwamba wageni hudhani kazi imekwisha, kumbe imebaki ya nne, ya majonzi, inayozimika polepole. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1893, akafa siku 9 baadaye. Mtazame kondakta: mikono ikiwa bado juu, tulia.

Programu moja mara nyingi hurudiwa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Jumamosi ndiyo hujaa haraka, kwa hiyo aliyekosa aangalie Alhamisi kabla ya kukata tamaa. Mpiga solo akiugua, kumbi nyingi humleta mwingine bila kurudisha pesa. Sababu nyingine ya kuchagua kazi kuliko jina.

Walio Nairobi au Dar es Salaam wanaweza kufuatilia kwa Digital Concert Hall, huduma ya mtandaoni ya okestra hiyo tangu 2008. Angalia saa vizuri. Tamasha la saa 2 usiku Berlin ni saa 3 usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa 4. Likikupita, rekodi huwekwa kwenye hazina yao baada ya siku kadhaa.