Salamu Niliyoijibu kwa Kiingereza

Langoni waliniomba kitambulisho, wakanipiga picha, wakanivisha kadi ya mgeni yenye utepe mwekundu. Juu yake iliandikwa saa yangu ya kutoka: saa nane kamili. Nilimwambia mlinzi kwamba nilifundisha hapo zamani. Akaitikia kwa adabu, akanionyesha pa kuweka saini. Sikuudhika. Shule yenye watoto lazima ijue nani yumo ndani, na nakumbuka enzi ambazo mtu yeyote aliyevaa tai aliingia bila kuulizwa neno.

Nilikuwa nimekaa mbali miaka 18. Kwa shule ya kimataifa, hivyo ni vizazi kadhaa. Walimu wengi huja kwa mkataba wa miaka miwili, wakaongeza mwaka au miwili, kisha wakahamia nchi nyingine. Watoto wa wanadiplomasia huhama hata katikati ya muhula. Unaita jina asubuhi, wenzake wanakuambia ameshaondoka. Kwa hiyo sikwenda kutafuta mtu wa kunikumbuka. Nilikwenda kukiona chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, kilichokuwa ofisi yangu nilipokuwa mratibu wa diploma ya IB (International Baccalaureate), masomo ya kimataifa ya kumalizia sekondari.

Kimegeuzwa stoo. Viti vibovu, projekta kuukuu, maboksi. Dirisha ni lilelile, na chini ya dirisha ndipo alipokaa yule kijana.

Alikuwa na miaka 16. Ulikuwa msimu wa kuchagua masomo, na kwa diploma ile mwanafunzi huchagua sita, kila moja likiwa na pointi 7 za juu kabisa. Insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000 pamoja na somo la nadharia ya maarifa huongeza hadi pointi 3, jumla 45. Nilikuwa nayo hiyo 45 kichwani mchana na usiku. Yeye aliniuliza, kwa Kiswahili, "Mwalimu, naweza kusoma fasihi ya Kiswahili?"

Nilimwambia haiwezekani, hatuna mwalimu.

Haikuwa kweli. Utaratibu unaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake kwa kujifundisha, katika ngazi ya kawaida, shule ikimsimamia, hata kama haina mwalimu wa lugha hiyo. Tena anayesoma fasihi katika lugha mbili na kufaulu hupata diploma ya lugha mbili. Nilikuwa na mwongozo huo kwenye droo, karibu na goti langu. Lakini ingebidi nitafute vitabu, nitafute mtu wa kumwongoza, nimpangie vipindi, na nilikuwa na wanafunzi wengine wengi wa kuwapangia. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu iliyojificha chini ya hizo ni kwamba mimi mwenyewe, Mswahili mtupu, nilikuwa nimezoea kukiacha Kiswahili nje ya lango kila asubuhi na kukiokota jioni. Ukutani kulikuwa na tangazo la kutaka Kiingereza tu, nami nililitii kuliko wote. Siku moja kijana huyohuyo alinisalimu kwenye korido, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamjibu kwa Kiingereza, na kwa tabasamu. Hakunisalimu hivyo tena.

Alifaulu, na vizuri. Siku ya wazazi mama yake alinishukuru sana kwa matokeo, halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Bibi yake akipiga simu siku hizi, mwalimu, mkalimani ni mimi." Alicheka. Mimi nikazungumzia vyuo vikuu.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu nilipostaafu. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi la Kimataifa, na diploma yenyewe ikazaliwa mjini humohumo mwaka 1968, ili mtoto akihama nchi asipoteze mwaka wa masomo wala nafasi ya chuo. Hilo ni jambo jema na nililitumikia kwa moyo wote. Ila mimi nilihesabu miaka isipotee, nikaiacha lugha ipotee mbele ya macho yangu, na mwenye lugha alikuwa ameniomba kwa mdomo wake.

Kutoka stoo nilishukia maktaba. Kwenye ukuta wa nyuma, palipokuwa na magazeti, pana rafu ndefu za vitabu vya lugha za nyumbani: Kikorea, Kiarabu, Kiamhari, Kireno. Rafu ya chini kabisa ilikuwa ya Kiswahili. Niliinama kusoma majina kwenye migongo ya vitabu, na goti likanilazimisha kukaa chini. Mezani karibu yangu alikuwepo msichana mwenye riwaya iliyojaa vibandiko vya manjano. Aliiona kadi yangu ya mgeni, akaona nimeshika nini, akainuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilinikauka nikalazimika kukohoa.

Aliniambia anajifundisha, kila wiki huzungumza na mwalimu wake kwa video, na mtihani ni mwakani. Kisha akanigeuzia kitabu. Kuna mjane analia kwa kwikwi, alisema, na yeye anajua kwikwi ni ile inayompata mtu akila haraka. Iweje mtu ashikwe na kwikwi msibani?

Nilimweleza kuwa ni pumzi ileile inayokatika, safari hii kwa kilio, mtu akiwa amelia mpaka kifua kinaruka chenyewe. Nikamwonyesha kwa mkono kifuani. Akaandika kwenye kibandiko, akasoma tena sentensi nzima kwa sauti ya chini, polepole, akasema, "Ah. Maskini." Akafungua ukurasa uliofuata, ambako alikuwa na alama nyingine tatu.

Tulikuwa kwenye ya pili mkutubi alipokuja kuniambia saa nane imefika. Nilimwomba apige simu langoni waniongezee nusu saa.