Vidonge vya njano vimetoka vitani

Wiki iliyopita malaria ilinishika, siyo ile ya kusema najisikia kamalaria kidogo, hii ilikuwa ya kuvaa sweta saa saba mchana na jua la Dar linavyowaka. Nikapimwa, ikaonekana, nikapewa mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, vidonge 24, vinne vinne mara mbili kwa siku, na yule dada wa duka la dawa akanikazia kwamba dozi ya pili ni baada ya masaa nane na nile kitu chenye mafuta. Siku ya pili nimepata nguvu kidogo, niko kitandani na simu, nikaanza kutafuta hii dawa imetokea wapi, na mpaka saa nane usiku bado nasoma.

Kumbe imetoka vitani. Vietnam ya Kaskazini inapigana na Marekani, askari wake huko msituni malaria inawamaliza na klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, imeanza kushindwa kufanya kazi, wakaomba msaada China. Tarehe 23 mwezi wa 5 mwaka 1967 ukaanza mradi wa siri, hata jina ni hiyo tarehe tu, 523. Mama mmoja, Tu Youyou, akapewa kazi ya kupekua dawa za kienyeji za Kichina, mmea mmoja unaitwa qinghao leo unafanya kazi kesho haufanyi, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya miaka kama 1600 nyuma: loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hamna kuchemsha! Kumbe moto ndo ulikuwa unaiua dawa. Akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na 1971 ikafagia vijidudu vyote kwenye panya na nyani. Kabla ya kuwapa wagonjwa aliinywa mwenyewe na wenzake. Tuzo ya Nobel amekuja kupewa 2015. Hiyo ndo artemisinini, na dawa ya kwanza ya mseto imetokana nayo. Na ile dawa ya pili iliyomo humo humo kwenye kidonge, lumefantrini, nayo ni ya maabara ya jeshi la China.

Klorokwini yenyewe hivyo hivyo. Wajerumani wa Bayer waliitengeneza 1934 wakaiona ni sumu mno wakaiweka pembeni. 1942, vita ya pili ya dunia, Wajapani wakaichukua Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, na kwinini, dawa ya malaria ya magome ya mti, karibu yote ya dunia ilikuwa inatoka huko, Wamarekani wanaanguka kwa homa kule visiwa vya Pasifiki, ndo hela zikamwagwa, dawa zaidi ya elfu kumi zikapimwa, klorokwini ikafufuliwa. Nyingine walizijaribu kwa wafungwa wa jela ya Stateville, Illinois, watu wanang'atishwa mbu makusudi. Mi nikisikia klorokwini nakumbuka kuwashwa tu, bibi anatukuna migongo kwa gunzi la muhindi usiku kucha, hadi serikali ilipoiacha 2001.

Ila iliyoniuma ni ya hapa hapa. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza waliziba bahari, Wajerumani wakakosa kwinini, basi wataalamu wa kituo chao Usambara wakawa wanaitengeneza kwa magome ya mkwinini, na kituo chenyewe kinaitwa Amani, we fikiria. Walipokipoteza 1916 wakawa wanachemsha magome tu, maji machungu balaa, wakayaita pombe ya Lettow, jina la kamanda wao. Sasa wale wapagazi wetu, wa pande zote mbili, waliokufa makumi ya maelfu kwa kuhara na malaria, hao waliobaki kwenye jina la Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza), nani alifungua maabara kwa ajili yao? Malaria ilikuwepo miaka yote, watoto wanakufa kila msimu wa mvua, haraka inakuja siku askari akishindwa kubeba bunduki.

Vinne vya mwisho nimevimeza jana usiku na chapati ya mafuta. Sijawashwa popote.