Mgeni wa Bibi

Kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka mpya hauingii Januari. Unaingia Julai, kwa hesabu ya jua tuliyoirithi pamoja na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na siku hiyo tunaiita Mwaka Kogwa. Nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka huonekana haina furaha, na hilo bibi yangu alilishika kama dini.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Shangazi alitarajiwa kutoka mjini na wanawe, lakini asubuhi ikaja habari kwamba mtoto ana homa, hawaji. Bibi alikuwa keshachinja kuku, pweza wa nazi yuko jikoni. Akaniita: "Mjukuu wangu, nenda uwanjani. Usirudi peke yako."

Uwanja wa Kae Kuu ulikuwa umejaa. Wanaume wa kusini na wa kaskazini walikuwa wameshaanza kupigana kwa migomba, na wengine wamevaa makoti mazito kujikinga. Mgomba mbichi ukimpata mtu mgongoni hupasuka na kurusha maji, na utomvu wake ukiingia kwenye shati jeupe hautoki tena. Nilimwona mjomba akikabiliana na jirani waliyekuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu masika. Walichapana mpaka migomba ikabaki nyuzi mikononi, kisha wakashikana mabega wakihema. Aliye na kinyongo hukimaliza pale, na mimi naamini hakuna baraza lililowahi kusuluhisha watu wetu vizuri zaidi. Wanawake nao, wamejipamba kwa kanga mpya, waliwaimbia wanaume maneno ambayo siku nyingine hayatamkiki mbele ya wazee.

Kisha mzee mmoja akaingia ndani ya kibanda cha makuti, kikatiwa moto. Nilishika pumzi hadi alipochomoka akikimbia. Wakubwa wote wakainua macho kuangalia moshi unaelekea wapi, maana huko ndiko wanakosoma bahati ya mwaka.

Hapo ndipo nilipomwona kijana mmoja kando ya mnazi, ameshika viatu mkononi, akitafuta wenzake aliokuja nao. Alikuwa mwalimu kutoka Pemba, hakuwa na mwenyeji. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, bibi anakuita." Akacheka: "Bibi yupi?" Nikamshika mkono, sikumpa nafasi ya kukataa.

Bibi alimpokea mlangoni kama mwanawe aliyerudi safari. Kila sahani ya mwalimu ilipopungua, aliijaza, huku akimuuliza habari za wazazi wake na kama ameoa. Hakuwa ameoa. Bibi akamwombea dua ya mke mwema palepale.

Mwaka uliofuata alibisha hodi mwenyewe, na mkewe nyuma yake. Shangazi naye alikuwa amefika na watoto wote, nyumba imejaa, ikabidi wanaume tukalie mkeka barazani.