Nilivyomfundisha Neema kuandika jina lake kwa kuanzia mwisho

Ushauri wa kwanza niliopewa bado unanichoma hadi leo. "Huyo mpe karatasi na rangi achorechore, siku iishe." Aliyesema ni mwalimu mwenzangu, mzoefu kabisa, na amesema mtoto akiwa amesimama palepale anasikia. Jamani, mtoto kuchelewa kujibu sio kwamba haelewi.

Nitamwita Neema, sio jina lake halisi, hata herufi nimezibadilisha zilingane na jina hili. Ana hali ya Down. Watu wanaita ugonjwa, sio ugonjwa, amezaliwa na kromosomu ya 21 (kromosomu ni vile vinyuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli za mwili) tatu badala ya mbili, na sio usonji wala mtindio wa ubongo, haya matatu watu wanayachanganya sana. Amekuja darasani kwangu ana miaka 9, hajawahi kuandika jina lake.

Muhula mzima nikamfundisha kama wenzake. Naweka nukta, anafuatisha N, tunaingia E, tukifika E ya pili mkono umeshachoka (misuli yao inakuwa milegevu, kushika penseli tu ni kazi kweli), penseli inadondoka, analaza kichwa juu ya daftari, imeisha hiyo. Kesho tunaanza tena N. Yani kila siku anaanza kitu ambacho hajawahi kukimaliza hata mara moja, hata mimi ningelala. Na mimi ndo nazidisha maneno, Neema andika E, haya E, ile yenye mistari mitatu, Neema unanisikia? Nikidhani namsaidia, kumbe bado anaichambua sentensi ya kwanza na mimi nishamrushia ya nne.

Nikaamua nauliza mara moja tu, kwa maneno machache, halafu nanyamaza nahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Kumi ni ndefu sana mbele ya darasa zima, jaribu uone. Siku ya kwanza nimefika nane, akanyoosha kidole akagusa E. Nane! Na mimi siku zote nilikuwa namkatiza kwenye mbili au tatu.

Halafu masikio, hili wengi wanalisahau. Watoto wenye Down mara nyingi wanapata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kwa hiyo leo anasikia vizuri kesho hasikii. Neema alishapewa jina la mkaidi maana ukimwita kwa nyuma hageuki. Nikambembeleza mama yake akampeleka kupimwa, ikaonekana sikio la kushoto halisikii vizuri. Mtoto wa watu miaka yote anaitwa mkaidi! Nikamhamishia mbele, sikio la kulia linielekee mimi.

Sasa kilichofanya kazi. Nilikata maboksi nikatengeneza kadi, gharama ni kama hakuna, gundi na jioni zangu mbili tu. Juu nikabandika picha yake, maana wengi wao wanashika haraka wanachokiona kuliko wanachoambiwa, chini nikaandika NEEM na nafasi moja wazi. Kazi yake ni A tu. Akaiandika, imeinama imelala upande, lakini jina limekamilika na aliyelimalizia ni yeye. Akaliangalia, akaangalia picha, akainuka na kadi yake kumwonyesha kila mtu darasani, nikamwacha amalize dawati zote.

Wiki hiyo yote ni A. Ilipokaa sawa nikampa NEE anamalizia MA. Nilipoongeza E akakwama siku kama nne hivi, nikarudi nyuma hatua moja bila kumwambia amekosea, tukasonga tena. Uzuri wake ni kwamba kila akikaa chini anamaliza, na kipya kinakuja mwanzoni mkono haujachoka, kile alichokizoea ndo kinakuja mwisho. Mama yake nikamwambia afanye vivyo hivyo na zipu ya begi, amfungie karibu yote, mtoto avute ile sehemu ya mwisho. Ila tafadhali usishike mkono wa mtoto ukamwandikia, hapo umeandika wewe.

Ilichukua miezi mitatu na kidogo. Siku niliyompa kadi yenye picha tu, hakuna herufi hata moja, nikaanza kuhesabu. Nilipofika sita akaandika N. Sasa hivi tuko kwenye jina la baba yake, tumeanza na herufi ya mwisho.