Bluu ya bango kuchapika zambarau: nilivyotatua

Jamani, hatimaye limetoka sawa! Nasomea usanifu majengo, na bango letu la A2 la maonyesho hapa Bagamoyo lina mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, nyuma yake bahari. Kwenye skrini bahari ni bluu safi. Kwenye karatasi, zambarau. Nikaongeza mwangaza, nikabadilisha karatasi, wapi.

Nikageuza faili kutoka RGB (rangi za mwanga wa skrini) kwenda CMYK (rangi za wino wa kuchapia), bado. Ndipo nikafungua namba za ile bluu yenyewe: wino wa sayani (bluu ya kijani) asilimia 100, wa majenta (waridi iliyokolea) asilimia 95. Kumbe viwango hivyo viwili vikikaribiana, bluu huangukia zambarau. Nikashusha majenta hadi 60, sayani sikuigusa. Nikachapa kwanza kipande cha A4, nikakitazama nje juani. Bahari ilikuwa bahari.