Bi harusi, mfalme na marehemu

Mimi ni mshehereshaji. Jumamosi nashika maiki harusini, na kwa kuwa nina sauti, misibani nako hupewa karatasi nisome wasifu wa marehemu. Mtu anayekula kwa kusifu watu lazima mjadala huu wa marabi, ulio katika Talmud, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, kitabu cha Ketubot, umguse.

Swali lao: wanaocheza mbele ya bi harusi waimbe nini? Wafuasi wa rabi Shammai wakasema asifiwe jinsi alivyo. Wa rabi Hillel wakasema kila bi harusi aitwe mzuri, mwenye haiba. Wa Shammai wakang'aka: hata akiwa kiguru au kipofu? Si Torati imesema, Kutoka 23:7, tujitenge na uongo? Wa Hillel wakawarudishia swali: mtu akishanunua kitu kibovu sokoni, mtakisifu mbele yake au mtakiponda?

Sheria ikafuata upande wa Hillel. Nami niko huko, wala si kwa ajili ya posho. Tazama: bwana harusi ameshanunua. Hela imeshatoka. Angekuwa bado anapapasa kitambaa dukani, ananiuliza kama ni kizuri, ningekuwa na deni la kumwambia ukweli.

Sasa mfalme. Agrippa, wa ukoo wa Herode wenye asili ya Edomu, taifa jirani la Israeli, alikuwa akiwasomea watu Torati Hekaluni. Alipofika pale panapokataza kujiwekea mfalme mgeni, machozi yakamtoka. Watu wakapaza sauti: usiogope, wewe ni ndugu yetu! Talmud, kitabu cha Sota, inasema kwa kumvika kile kilemba cha ukoka Israeli ilistahili kuangamizwa. Ukali huo ulinishtua, maana maskini alikuwa analia. Ila bi harusi ukimpamba anafurahi, basi. Mfalme ukimpamba kesho anatoa amri.

Kuhusu marehemu, Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha Yosef Karo, kilichochapwa karne ya 16, kimenisaidia zaidi. Sifa zake zitajwe, na ruhusa ipo ya kuongeza kidogo, kidogo tu. Lakini ukimpa sifa ambayo hakuwa nayo kabisa, unajiletea ubaya wewe na yeye.

Kwa hiyo siku hizi, nikikuta kwenye karatasi "alisomesha yatima wengi", nawauliza wafiwa pembeni: yupi, kwa mfano? Akitajwa hata mtoto mmoja wa ndugu, nasoma "alipenda kusomesha watoto wa ndugu". Asipotajwa, nakata. Kuna kifungua mimba alinuna kwa hilo. Nikampa maiki asome mwenyewe. Hakuipokea.